Kuwekewa stenti ya moyo kupitia mkononi: mwongozo kwa mgonjwa na anayemuuguza

Umeambiwa mshipa wa moyo umebana na utazibuliwa, na daktari akaongeza kwamba atapitia mkononi. Wengi wakisikia hivyo huugeuza mkono na kuutazama: moyo uko kifuani, mkono unahusikaje? Mwongozo huu unafuata safari nzima, kuanzia mazungumzo ya kliniki mpaka vidonge utakavyokuwa unameza miezi mingi baadaye. Nimeuandika kwa ajili ya mtu atakayelala mezani, na pia kwa yule atakayekaa nje kwenye benchi akishika begi lake. Vipimo vyako anavijua daktari wako, kwa hiyo pale maelekezo yake yakitofautiana na haya, fuata yake.

Kwa nini mkono

Moyo unasukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe unalishwa na ateri ndogo zinazouzunguka kwa nje, upana wake milimita chache tu. Mafuta na chokaa vikijijenga kwenye kuta zake, njia inakuwa nyembamba. Ukipanda ngazi au ukibeba ndoo, kifua kinabana. Pale palipobana pakichanika na damu ikaganda juu yake, njia inaziba ghafla, na huo ndio mshtuko wa moyo.

Mwaka 1977, mjini Zürich, Andreas Grüntzig alipitisha puto dogo ndani ya ateri ya moyo ya mgonjwa aliyekuwa macho na kulijaza ili njia ipanuke. Mwaka 1986 Jacques Puel, huko Toulouse, akaacha ndani ya ateri kijibomba cha wavu wa chuma ili njia isijifunge tena. Hiyo ndiyo stenti. Enzi hizo karibu kila daktari aliingilia pajani, kwenye kinena, kwa kuwa ateri ya hapo ni nene na ni rahisi kuipata. Lucien Campeau wa Montreal alieleza mwaka 1989 jinsi alivyopiga picha za mishipa ya moyo kupitia kifundo cha mkono, na miaka michache baadaye Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaanza kuweka stenti kwa njia hiyohiyo.

Ubora wa mkono unatokana na maumbile. Ateri ya upande wa kidole gumba, ile nesi anayoigusa akipima mapigo, imelala juu juu na chini yake kuna mfupa. Ikivuja, unaiona, na ukiikandamiza inatulia. Ateri ya pajani iko ndani zaidi, na damu yake inaweza kuvujia nyuma ya tumbo kwa muda mrefu kabla mtu hajagundua kwamba mgonjwa anazidi kupauka. Tena kiganja kina ateri mbili, ya upande wa gumba na ya upande wa kidole kidogo, na zinakutana ndani ya kiganja. Moja ikipata hitilafu, nyingine inaendelea kulisha vidole. Utafiti wa MATRIX uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 8,404 wenye mshtuko wa moyo au hali inayoukaribia, ulionyesha kwamba waliopitia mkononi walitokwa damu nyingi mara chache zaidi, na vifo vilikuwa vichache kuliko kwa waliopitia pajani. Ndiyo sababu miongozo ya Ulaya na Marekani sasa inaweka mkono kuwa njia ya kwanza.

Ila mkono una hila moja, na utaikuta mwishoni mwa mwongozo huu. Jeraha ni dogo mno kiasi kwamba mtu anasahau ametibiwa moyo.

Hatua ya 1: Mazungumzo kabla ya tarehe

Mara nyingi picha ya mishipa na uwekaji wa stenti hufanyika kwa mkao mmoja. Daktari akiona pamebana, anaendelea palepale. Maana yake ni kwamba ukishalala mezani nafasi ya kuuliza maswali imepita, kwa hiyo yaulize kliniki.

Swali kubwa kuliko yote: stenti hii ni ya kuokoa maisha yangu au ya kuniondolea maumivu? Kwa mtu mwenye mshtuko wa moyo unaoendelea, kuzibua ateri haraka kunaokoa msuli wa moyo na uhai, na hapo hakuna cha kujadili. Kwa mtu ambaye kifua kinambana akitembea tu, na hali imetulia miezi mingi, habari ni tofauti. Utafiti wa ISCHEMIA wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo, kuanza na stenti au upasuaji hakukupunguza vifo kuliko kuanza na dawa nzuri, ingawa kuliwapunguzia maumivu. Kuondokewa na maumivu ni sababu halali kabisa. Ila ni haki yako kujua unalipia nini.

Kama una kisukari na mishipa iliyobana ni mingi, uliza pia kuhusu upasuaji wa kupandikiza mishipa. Kwa watu wa kundi hilo upasuaji mara nyingi unawafaa zaidi, na daktari mwema hatakasirika ukiuliza.

Halafu pesa. Kabla ya picha hakuna anayeweza kukuahidi idadi ya stenti. Uliza bei ya picha peke yake, bei ya kila stenti inayoongezeka, na kama bima yako imetoa kibali cha maandishi cha matibabu yote mawili. Vituo vinavyofanya kazi hii Afrika Mashariki si vingi: ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala, na zipo hospitali kubwa za Nairobi. Anayetoka mbali apange na mahali pa kulala baada ya kutoka wodini. Kukaa usiku mzima kwenye basi siku ileile uliyoruhusiwa si jambo ninalolishauri.

Hatua ya 2: Siku chache kabla

Kusanya dawa zako zote na kuzileta zikiwa kwenye paketi zake. Karatasi yenye majina inafaa pia, lakini paketi haikosei tahajia. Weka humo na dawa za kienyeji unazotumia.

Aspirini usiiache isipokuwa umeambiwa. Dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini zina utaratibu wake, usijiamulie. Metfomini daktari anaweza kukusimamishia, hasa figo zikiwa dhaifu, kwa sababu dawa ya picha, ile inayoingizwa kwenye mishipa ili ionekane kwenye eksirei, inapita kwenye figo. Mara nyingi inarudishwa baada ya saa 48 na kipimo kingine cha figo. Anayechoma insulini aulize dozi ya asubuhi ya siku ile, maana atakuwa hajala.

Sema bila kusita kama una mzio wa dawa ya picha au uliwahi kuvimba na kuwashwa ulipochomwa, kama figo zinasumbua, kama uliwahi kupandikizwa mishipa ya moyo, au kama kuna uwezekano wa ujauzito. Kwa mgonjwa wa figo hili ni zito zaidi: kama unasafishwa damu au unaelekea huko, ateri za mkono zinaweza kuhitajika baadaye kutengeneza njia ya kusafishia damu, na timu inaweza kuamua kutougusa mkono huo kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hulificha. Mkono ukishafunguliwa, dawa mojawapo inayopitishwa humo ni nitrogliserini. Mtu aliyemeza sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, yaani vile vidonge vya nguvu za kiume, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka vibaya. Nesi akiuliza mbele ya mke, watoto na shemeji, jibu huwa ni hapana. Basi kama ulitumia, omba kuongea na nesi mkiwa wawili. Hutakuwa wa kwanza kumwambia, na hatashangaa.

Hatua ya 3: Asubuhi yenyewe

Hospitali itakuambia uache kula tangu saa ngapi. Maji kidogo ya kumezea vidonge vya presha kwa kawaida yanaruhusiwa. Vaa shati au gauni la mikono mipana linalofunguka kwa mbele, maana wakati wa kutoka utakuwa na kitu mkononi ambacho hakipiti kwenye mkono mwembamba wa nguo.

Vua saa, pete na bangili za mikono yote miwili, hata kama umeambiwa watatumia wa kulia. Vidole vinaweza kuvimba, na daktari anaweza kuhamia upande wa pili. Kwa akina mama wa pwani: kama kuna harusi karibu, piko nyeusi na rangi ya kucha zisubiri. Kile kifaa kinachobana kidole kusoma oksijeni kinatumia mwanga, na rangi nzito inakipotezea usomaji. Ikiwa umeshapaka, usiahirishe matibabu kwa sababu hiyo. Acha kidole kimoja kikiwa safi, au mwambie nesi atumie sikio.

Watakunyoa kifundo cha mkono, na mara nyingi kinena pia. Usihamaki ukidhani wamebadilisha mpango. Wanaandaa njia ya akiba.

Baadhi ya vituo hupima kwanza kama ateri ya pili ya kiganja inafanya kazi. Kifaa cha oksijeni kinawekwa kwenye gumba, ateri ya upande wa gumba inakandamizwa, na wanaangalia kama mawimbi kwenye skrini yanaendelea au yanarudi baada ya muda. Wengine wameacha kipimo hiki kwa kuwa kinawanyima mkono watu ambao wangepita salama. Kufanyiwa ni sawa, na kutofanyiwa si uzembe.

Hatua ya 4: Mezani

Chumba chenyewe watumishi wanakiita kathlabu. Kina baridi, kwa sababu mashine zinahitaji baridi. Omba blanketi. Juu yako kuna kamera ya eksirei inayozunguka, pembeni kuna skrini kubwa, na watu wamevaa aproni nzito za kujikinga na mionzi. Utakuwa macho. Unaweza kupewa dawa kidogo ya kukutuliza, lakini hutalazwa usingizi mzito, kwa sababu watahitaji kuongea na wewe.

Mkono unanyooshwa kwenye ubao, kiganja kikiangalia juu, na chini ya kifundo wanaweka kitambaa kilichoviringwa ili kifundo kipinde kidogo kwa nyuma. Wanasafisha na dawa, wanakufunika shuka kubwa. Kuanzia hapo usiguse kitu chochote cha juu ya shuka, hata pua ikiwasha. Sema, watakukuna.

Ganzi inachomwa kwa sindano nyembamba, sentimita chache juu ya mkunjo wa kifundo. Inauma kama sindano yoyote, kisha panakufa ganzi. Daktari anatafuta mapigo kwa kidole, au kwa ultrasaundi, anachoma ateri, anapitisha waya mwembamba, na juu ya waya huo anaingiza mrija mfupi wa plastiki wenye vali. Mrija unaotumika sana una tundu la ndani la takriban milimita 2. Huo ndio mlango. Kila kitu kitakachofuata kitaingia na kutoka hapo, na ateri haitachomwa tena.

Sasa inakuja dakika ambayo wagonjwa wengi hawakuambiwa. Kupitia mlango huo wanapitisha verapamili au nitrogliserini, au zote mbili, ili ateri ilegee. Utasikia moto ukipanda kutoka kifundoni kuelekea kiwikoni, kisha unazimika baada ya sekunde kadhaa. Si dalili ya kosa. Wanapitisha pia heparini ili damu isigande kwenye vifaa.

Adui mkubwa wa njia hii ni mkazo wa ateri. Ateri ya mkono ina msuli mwingi na inaogopa: mgonjwa akiwa na hofu, akiwa na baridi au akiwa na maumivu, inajibana na kuukamata mrija. Wanawake na watu wenye mikono midogo hupatwa zaidi. Kwa hiyo ushujaa wa kimyakimya hauna faida hapa. Mkono ukianza kuuma, sema mapema, waongeze dawa ya kulegeza au ya kutuliza. Anayevumilia mpaka jasho linamtoka anawapa kazi ngumu zaidi ya kuufungua mkazo.

Hatua ya 5: Kufika moyoni

Mrija mrefu, katheta, unapanda kiwiko, kwapa, bega, kisha unashuka kwenye mshipa mkuu mpaka mlangoni mwa ateri za moyo. Watu wengi hawasikii kitu njiani. Ukiambiwa "vuta pumzi ndefu, ibane", fanya hivyo mara moja: kifua kikijaa, kona iliyo karibu na bega inanyooka na katheta inapita. Dawa ya picha ikiingia unaweza kusikia joto likitambaa mwilini. Moyo unaweza kuruka pigo moja mbili.

Picha zinapigwa kutoka pembe mbalimbali. Pakibana sana jibu liko wazi. Pakiwa pa katikati, daktari anaweza kupitisha waya wenye kipima shinikizo ili kujua kama sehemu hiyo kweli inaunyima moyo damu. Shinikizo la baada ya palipobana linagawanywa kwa lile la kabla yake, na jibu la 0.80 au chini yake kwa kawaida linamaanisha ndiyo.

Hatua ya 6: Stenti

Kama ni ndiyo, waya wenye unene wa milimita 0.36 unapitishwa taratibu mpaka ng'ambo ya sehemu iliyobana. Hii ndiyo kazi ya mkono wa fundi, na inaweza kuchukua dakika mbili au saa nzima. Juu ya waya linapita puto, linajazwa maji yaliyochanganywa na dawa ya picha, linasukuma uchafu ukutani, linanywea na kutolewa. Halafu inakuja stenti ikiwa imebanwa juu ya puto jingine. Puto linajazwa, wavu unafunguka na kushika ukuta, puto linatoka, wavu unabaki. Tairi la gari dogo lina shinikizo la kama atimosfia 2. Stenti hufunguliwa kwa kama 12, na puto la kumalizia linaweza kuzidi hapo ili wavu ukae vizuri.

Puto likijaa, ateri inakuwa imezibwa kwa muda mfupi na kifua kinaweza kubana kama siku zile za ugonjwa. Mwambie daktari. Yeye anajua kwa nini, lakini anataka kujua kama maumivu yanaondoka puto linaponywea.

Stenti za sasa zimepakwa dawa inayozuia kovu lisiote ndani na kuziba njia upya. Haitolewi. Ngozi laini ya ateri inaota juu yake polepole, na kabla haijaota, chuma kiko uchi mbele ya damu. Kumbuka sentensi hiyo utakapofika hatua ya 9.

Wakati mwingine mkono unakataa. Ateri ina kitanzi, au imejibana, au ni nyembamba kuliko mrija. Daktari atahamia mkono wa pili au pajani, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini walinyoa kinena. Aliyewahi kupandikizwa mishipa anaweza kuanziwa mkono wa kushoto tangu mwanzo, kwa kuwa mshipa mmoja wa kupandikiza mara nyingi unatoka upande huo.

Hatua ya 7: Bangili ya hewa

Hapa ndipo kazi ya nesi inapoonekana, na ningependa usilale ukaikosa.

Kazi ikiisha, mrija unatolewa palepale mezani ingawa heparini bado iko kwenye damu. Kwanza juu ya tundu inafungwa bangili ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye kifuko kidogo. Nesi anajaza hewa kwa bomba la sindano, mililita 15 hivi, kutegemea aina ya bangili na mkono wenyewe. Mrija ukishatoka, anaanza kupunguza hewa kidogo kidogo huku macho yake yakiwa kwenye tundu, mpaka tone la damu linachungulia. Akiliona, anarudisha mililita moja au mbili, na tone linasimama. Hapo amepata kipimo: tundu limezibwa, lakini damu bado inapita ndani ya ateri chini yake. Anaweza kuhakikisha kwa kuweka kifaa cha oksijeni kwenye gumba na kukandamiza ateri ya upande wa kidole kidogo. Mawimbi yakionekana, njia iko wazi.

Kwa nini asikaze tu akaenda zake? Kwa sababu ateri iliyozibwa kabisa kwa saa kadhaa inaweza kuganda na kufa moja kwa moja. Hutasikia kitu, maana ateri ya pili inalisha kiganja. Lakini siku utakapohitaji kupimwa tena, barabara hiyo haipo. Kwa hiyo nesi akija kila baada ya muda kupunguza hewa, anailinda njia yako ya kesho. Kwa kawaida bangili inatoka baada ya saa mbili tatu hivi, wakati mwingine zaidi ikiwa damu inachungulia kila ikipunguzwa.

Kazi yako wewe ni ndogo. Usipinde kifundo. Usiegemee mkono huo kuinuka kitandani, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, kwa sababu umeruhusiwa kukaa na hata kwenda msalani mapema, na mwili unasahau. Chezesha vidole. Vikiwa vya baridi, vya buluu au vyenye ganzi inayozidi, au mkono ukivimba na kukaza juu ya bangili, ita mtu sasa hivi, usisubiri mzunguko wa wodi. Na wewe ndugu uliyekuja kumwona: bangili usiiguse, hata akikulalamikia kwamba inambana.

Hatua ya 8: Siku za kwanza nyumbani

Wengine huruhusiwa siku ileile, wengi hulala usiku mmoja, na aliyeletwa na mshtuko wa moyo hukaa zaidi. Kunywa maji ya kutosha ili dawa ya picha itoke, isipokuwa umewekewa kiwango kwa sababu ya moyo kujaa maji au figo.

Bandeji isiloe siku ya kwanza. Baada ya hapo maji ya kuoga na ya udhu yanayopita haraka hayana neno, ila usiuloweke mkono kwenye beseni, bwawa au bahari mpaka pafunge. Katika sujudi, uzito usiuweke kwenye mkono huo kwa siku kadhaa.

Usiendeshe gari siku mbili za kwanza, na pikipiki usubiri zaidi. Kwa siku kadhaa usisonge ugali, usikune nazi, usifue kwa mkono, usikamue nguo, usibebe ndoo wala mtoto kwa mkono huo. Najua nani hasa atavunja sharti hili: mama wa nyumba ambaye anajisikia mzima na anaona jiko limelala. Mlioko naye shikeni mwiko nyinyi. Kwa siku hizo presha ipimwe na damu itolewe mkono wa pili.

Alama ya bluu na uvimbe mdogo kama punje ya harage ni kawaida. Damu ikianza kutoka, kaa chini, kandamiza kwa vidole viwili juu ya tundu na juu yake kidogo, kwa nguvu, bila kuchungulia kila dakika, angalau dakika 10. Usifunge kamba wala khanga kuzunguka mkono. Usipake majivu, kahawa wala ugoro. Ikiwa haisimami, au inaruka kwa mapigo, au mkono unavimba kwa kasi, nenda hospitali ukiwa bado umekandamiza. Homa, usaha na wekundu unaosambaa navyo ni vya kurudi hospitali.

Hatua ya 9: Vidonge

Sasa ile hila niliyoitaja. Mtu aliyepasuliwa kifua ana kovu linalomkumbusha kila akioga. Wewe una doa ambalo baada ya wiki mbili hulioni, kifua kimepoa, na kidonge kinaanza kuonekana hakina kazi. Lakini chuma kiko uchi ndani ya ateri. Damu ikigandia stenti, inaziba ghafla, na mshtuko wa aina hiyo unaua watu wengi.

Utapewa aspirini pamoja na kidonge cha pili: klopidogreli mara moja kwa siku, au tikagrelo mara mbili kwa siku, au prasugreli. Kwa kawaida viwili kwa pamoja vinaendelea kama miezi 6 kwa aliyewekewa stenti hali ikiwa imetulia, na miezi 12 kwa aliyepata mshtuko wa moyo. Daktari anaweza kufupisha kwa anayevuja damu kirahisi. Yeye, si wewe, wala si jirani mwenye stenti yake. Baada ya hapo kimoja kinaendelea, mara nyingi maisha yote, pamoja na dawa ya lehemu, hata kama kipimo cha lehemu kimekuwa kizuri. Kimekuwa kizuri kwa sababu ya dawa.

Kinachokatisha dawa ni pesa na duka, mara nyingi kuliko ukaidi. Kabla ya kuondoka mjini uliza kama dawa yako inapatikana wilayani kwako. Kama haipatikani, mwombe daktari akuandikie inayopatikana. Klopidogreli unayoipata kila mwezi ni bora kuliko dawa ya bei kubwa utakayoikosa mwezi wa tatu. Nunua nyingine zikibaki za wiki mbili, si zikibaki mbili.

Dukani kuwa mwangalifu na vitu vitatu. Omeprazoli, ambayo watu hununua kwa vidonda vya tumbo, inapunguza nguvu ya klopidogreli, omba pantoprazoli. Diklofenaki na ibuprofeni zinaongeza kuvuja damu na haziutakii moyo mema. Maumivu ya kawaida tumia parasetamoli. Balungi linagongana na tikagrelo na baadhi ya dawa za lehemu. Tikagrelo yenyewe inaweza kukupa hali ya kukosa pumzi ingawa moyo uko salama. Rudi kwa daktari akubadilishie, usiiache kimyakimya. Choo cheusi kama lami au kutapika damu ni dharura.

Daktari wa meno akikuambia uache dawa wiki moja kabla ya kung'oa jino, mwambie awasiliane kwanza na daktari wako wa moyo. Upasuaji mwingine unaoweza kusubiri, usubiri. Kwa mfungaji wa Ramadhani, klopidogreli inahamia futari bila shida, lakini dawa ya mara mbili kwa siku, na wiki za mwanzo baada ya mshtuko wa moyo, zinahitaji kuzungumzwa na daktari kabla mwezi haujaandama.

Kadi

Utapewa kadi yenye aina ya stenti, ukubwa wake, ateri iliyowekwa na tarehe. Ipige picha, mtumie na mtoto au ndugu unayemwamini. Stenti za sasa hazizuii kipimo cha MRI, ila mpiga picha ataomba kadi. Maumivu ya kifua yakirudi wakati umepumzika na hayaondoki ndani ya dakika chache, au yakija na jasho na kukosa pumzi, usisubiri kupambazuke na usijiendeshe gari. Fika kwenye hospitali iliyo karibu yenye ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, toa kadi mapokezi, na sema maneno haya kabla hawajakuuliza jina: nina stenti ya moyo, kifua kinauma tangu saa fulani, natumia dawa hizi, na mara ya mwisho nimezimeza saa fulani.